Haidrojeni ya mbolea: tuitoe kwenye gesi au kwenye maji?

Mtoa mada: Wakuu, bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115, halafu urea bado inashushwa bandarini. Urea inaanzia kwenye amonia, na amonia haipatikani bila haidrojeni. Mimi nasema tuachane na gesi asilia: pitisha umeme kwenye maji, haidrojeni huku, oksijeni kule, moshi hakuna. Tunangoja nini?

Mdau wa Mtwara: Tunangoja mwenye hela. Kilo moja ya haidrojeni kwa njia yako inakula uniti 50 hadi 55 za umeme. Tani moja ya amonia inataka kilo kama 177. Piga hesabu mwenyewe, uniti kama 8,900 hadi 9,700! Gesi unaikutanisha na mvuke kwenye nyuzi joto 800 na kitu, kichocheo nikeli, inatoka haidrojeni na kaboni monoksidi. Hiyo monoksidi unaipa mvuke tena, haidrojeni inaongezeka. Viwanda vingi duniani ndivyo vinavyofanya, na Songo Songo na Mnazi Bay gesi ipo.

Mtoa mada: Na hewa ukaa kilo 9 au 10 kwa kila kilo ya haidrojeni, utaificha wapi?

Mkulima, Songea: Samahani wakuu, mfuko utashuka bei au hautashuka?

Mwalimu wa kemia: Mtoa mada, umeruka kitu. Urea ni amonia pamoja na hiyohiyo hewa ukaa (kaboni dioksidi) unayoikimbia. Kiwanda cha gesi kinaipata humohumo ndani (ikifika shambani inarudi hewani, tusidanganyane). Ukitumia maji huna, labda uitafute kwingine. Utaishia kwenye CAN, mbolea ya amonia isiyohitaji kaboni dioksidi, ambayo si mbaya hata kidogo. Ila someni habari za Kwekwe, Zimbabwe. Sable Chemicals walikuwa wanavunja maji kwa umeme na kutengeneza amonia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2015 wakazima mitambo. Kemia haikuwa na kosa, umeme ulikuwa haba na ghali.

Mtoa mada: Kwekwe sikuijua. Basi CAN, sawa. Lakini bwawa letu ni jipya, mkuu.

Mdau wa Mtwara: Kariba, bwawa la umeme la Zimbabwe na Zambia, nayo ilikuwa mpya. Mwaka wa ukame, uniti zikipungua, unazima kiwanda au unazima Dar?

Mkulima, Songea: Swali langu bado lipo.