Shule ya English medium hapa Mbeya inachapa watoto kwa kosa la kuongea kinyume

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho, maana najua kichwa chake kinachekesha. Mimi sicheki hata kidogo.

Nina binti yuko darasa la nne, shule binafsi, hapa hapa Mbeya mjini. Jina la shule silitaji, wenye watoto pale mtajijua. Wiki iliyopita karudi nyumbani hawezi kushika kijiko, viganja vimevimba. Kuuliza kulikoni, kachapwa yeye na wenzake, mapumziko ya saa nne, mbele ya foleni ya uji. Kosa lao walikuwa wanaongea kinyume.

Ndiyo, kinyume. Kile kile nilichoongea mimi, mkaongea na ninyi, cha kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele. Kalamu mukala, chakula lachaku, shule leshu. Mbeya ni Yambe, Iringa ni Ngairi, Njombe ni Mbenjo. Kama ulikulia nchi hii na hujawahi kumwambia mwenzako "mumwali jaanaku" huku mnakimbilia darasani, basi utoto wako sijui uliupitishia wapi.

Sasa sikilizeni ilivyoanza. Shule ile ina sheria ya kibao. Mtoto akisikika anaongea Kiswahili ndani ya geti anavikwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake naye kateleza. Kengele ya mwisho ikilia, atakayekutwa nacho anakula fimbo au anapiga deki. Yaani tunalipa ada ya mamilioni watoto wafundishwe kuchongeana. Mchezo huu wala si mpya. Kule Wales, karne ya 19, watoto walikuwa wanatundikwa kipande cha mti chenye herufi WN kwa kosa la kuongea lugha ya mama zao, na leo Wales hiyo hiyo inasomesha watoto kwa lugha hiyo waliyochapiwa. Sisi ndiyo kwanza tunakichonga kibao na kukipaka vanishi.

Watoto ni watoto, wakatafuta mwanya. Sheria inakataza Kiswahili, wao wakahamia kinyume. Binti yangu aliponaswa akamwambia mwalimu kwa adabu kabisa kwamba hicho si Kiswahili, na kama ni Kiswahili basi mwalimu atafsiri alichokisikia. Hoja ina mashiko, niambieni kama haina. Mwalimu hakuweza kutafsiri, akaona kadharauliwa, fimbo ikatoka.

Kwenye daftari la mawasiliano wakaniandikia kwamba mwanangu anatumia "lugha ya siri ya kihuni". Kiingereza kilichotumika kuandika ujumbe huo tukiache. Nikaenda. Mwalimu wa nidhamu akanikalisha, akaniambia: "Mzazi, hii lugha inatoka stendi kwa mateja, leo wanageuza maneno, kesho wanageuza noti." Nilibaki namwangalia. Inatoka stendi? Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye akawa askofu wa Kianglikana mwenye makao Unguja, alichapisha vielelezo vya kinyume mwaka 1870. Mwaka 1870! Stendi ya Nane Nane ilikuwa pori, Mbeya yenyewe haijawa mji. Watu wazima wenye heshima zao walikuwa wanafumbiana kwa kinyume barazani, leo mtu aliyesomea ualimu ananiambia ni lugha ya mateja.

Lakini kilichonichoma zaidi ya yote ni huo ualimu wenyewe. Nataka walimu walioko humu wasome hapa taratibu.

Mtoto akisema nyumba kwa kinyume anasema mbanyu. Hasemi banyum. Hakuna aliyemkalisha akamwambia kwamba mb pale ni sauti moja isiyokatika. Ila mpe neno mtu, atakwambia tum. Hapo m kaikata, kaiacha peke yake, kwa sababu m ya mtu inasimama kama silabi kamili na ya nyumba haisimami. Nchi anasema chin, hapo pia n kaitenga. Mpe parachichi, maana huku kwetu ndiyo tunayokula asubuhi na jioni, atakwambia chiparachi huku anaruka kamba. Nilimjaribu binti sebuleni kwa maneno ambayo sidhani kayasikia, nikampa Ipogolo, nikampa Makambako. Loipogo. Komakamba. Hakufumba hata jicho. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole.

Kazi hiyo mnaijua mnaiitaje darasani? Ni kutambua na kutenganisha silabi. Ndiyo ile ile mnayohangaika nayo darasa la kwanza na vile vikadi vya ba be bi bo bu. Mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulipunguziwa masomo kwa makusudi ili watoto washike KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma Kiswahili kunaanzia hapo hapo kwenye silabi. Sasa mtoto anayekata silabi hewani, bila ubao, bila chaki, kwa kasi ya maongezi, na mwenzake anaziunganisha na kumjibu papo hapo, huyo anachapwa. Ni sawa na kumfungia kabatini mtoto anayepiga danadana halafu unalia timu ya taifa haina viungo.

Na wana akili hao. Kinyume kina tobo moja kubwa: baba ukimpindua anabaki baba, mama anabaki mama, dada na kaka vile vile. Kwa hiyo mtoto akitaka kunisema mbele yangu namsikia jina langu liko wazi kama jogoo wa alfajiri. Wakaliona hilo. Siku hizi naitwa Emze, yaani mzee kapinduliwa. "Emze jaameku, mazi viti." Nilikuwa mlangoni nimeshika funguo, nasikia naambiwa nimekuja na TV izimwe. Nilicheka mpaka nikasahau kuwagombeza.

Tena baada ya fimbo hizi wameshahama. Sasa hivi wana ile ya kupachika fa, fi, fu nyuma ya kila silabi kufuata irabu yake. Nakuja inakuwa nafakufujafa. Mdogo wake wa darasa la kwanza kaidaka hata kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Shule ikishamaliza kupiga marufuku fa watahamia pa, au sa, na mwalimu wa nidhamu atakuwa bado anasaka kamusi.

Haya, tuje kwenye sheria, kwa sababu najua wapo watakaosema viboko vinaruhusiwa. Vinaruhusiwa, ndiyo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zile zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema hivi: anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi. Visizidi vinne. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kosa liwe zito. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu, kosa lake, idadi ya viboko na aliyechapa.

Binti yangu kala sita. Aliyemchapa ni mwanaume, na pale ofisini walimu wa kike walikuwa wamejaa wanasahihisha madaftari. Nilipoomba kitabu cha adhabu nikaambiwa kipo kwa mkuu, mkuu kasafiri kikazi Iringa. Nikaomba barua ya kumkaimisha, nikaulizwa kwani mimi ni mwanasheria. Nikauliza kosa zito ni lipi hapa, kutanguliza silabi? Mwalimu akaniambia nina lugha chafu.

NAONGEZA, baada ya kusoma maoni yenu:

Wa kwanza aliyesema "hamisha mtoto, acha kulialia". Mkuu, nitahamisha nikitaka, ada ya muhula nimeshalipa na hairudi, hilo liko kwenye fomu yao kwa herufi kubwa. Na nikimhamisha wangu, wale wengine wa kwenye foleni ya uji wanabaki na nani?

Kuna dada wa Makete kauliza jambo la maana kuliko wote, kwamba lugha ya siri inaweza kutumika kumficha mtu mbaya anayemfundisha mtoto asiseme nyumbani. Dada, hofu yako naiheshimu, nina watoto wa kike. Ila kinyume hakifichi kitu kwa mtu mzima aliyetulia. Kaa nao jikoni jioni mbili tatu, unawaelewa wote. Mwalimu angewaambia "leo nifundisheni na mimi", angekuwa ndani ya siri zote za darasa la nne kabla ya Ijumaa. Sasa watoto wameshajua kwamba kuongea na wenzao kunaleta fimbo. Siku likiwapata la kuwapata, mnadhani watamkimbilia yule yule mwenye fimbo kumwambia?

Aliyesema vitendawili na vitanza ndimi vimeshakufa, hizo ni stori za wazee: njoo Tukuyu kwa bibi yao mwezi wa sita, baridi ile inayowarudisha wote jikoni kwenye moto. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa wanaombwa mji, wanatoa Tukuyu, bibi anaukataa anasema huko ameshafika, wanatoa Dar, anaukubali, anakwenda nao mpaka Chalinze anakula mishikaki, anaoga, anarudi ndipo anatoa jibu. Yai! Kelele zinazopigwa hapo hakuna katuni inayozifikia. Bibi mwenyewe akitaka watoto wasielewe anahamia Kinyakyusa, na hajawahi kupigwa na mtu.

Kuna jamaa kasema nachukia Kiingereza. Nimelipa mwenyewe kwa jasho la viazi vya Isangati ili mtoto akijue Kiingereza, nitakichukiaje? Waongee Kiingereza darasani mpaka wachoke. Ninachokikataa ni kumchapa mtoto kwa alichokisema akiruka kamba. Wafaransa vijana wao wanapindua maneno kizazi na kizazi, wanaita verlan, na baadhi ya maneno yaliyopinduliwa yapo kwenye kamusi zao za kawaida sasa. Hawajafa.

Na wewe uliyeandika "Emze umezidi", hiyo nimeipenda, ila haikusaidii.

Nachohitaji kutoka kwenu ni hiki, wenye uzoefu. Kwa shule binafsi naanzia kwa afisa elimu kata, au naruka moja kwa moja kwa afisa elimu msingi wa Jiji? Wathibiti ubora wa shule wanapokea malalamiko ya mzazi mmoja au wanataka sahihi nyingi? Nina picha za viganja nilizopiga jioni ile ile, nina daftari la mawasiliano lenye muhuri wa shule, na wazazi wawili wa wale wenzake wamekubali kwenda na mimi. Wa tatu kagoma, mumewe anasambaza mahindi na maharage pale shuleni. Simlaumu.

Mwenye nakala ya hizo kanuni za 2002 kwa PDF, ya Kiswahili kama ipo, aniwekee hapa. Mkuu wa shule anarudi Jumatatu na nimeshaomba ruhusa kazini.