Likizo ya Agosti ndani ya fleti: watoto watatu, ghorofa ya tatu, Tudor, Mombasa

MamaTudor
Asalaam aleikum wenzangu. Shule zimefungwa, na watoto ni watatu: wa miaka 9, wa 6 na wa 2. Fleti yetu iko ghorofa ya tatu, uwanja hakuna, na chini ni matatu tupu. Dada wa kazi yuko nao saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Bafuni kuna pipa la maji kwa ajili ya mgao, na balkoni ina vyuma vya kulala, si vya kusimama. Nirekebishe nini kwanza, na niwape michezo gani isiyo ya kununua? Runinga isizidi saa moja kwa siku.

FundiVyuma
Balkoni kwanza dada, michezo itangoja. Vyuma vya kulala ni ngazi kwa mtoto. Mwite fundi aongeze nondo za kusimama, nafasi kati yake isizidi sentimita 10, maana kiwiliwili kikipita, kichwa hukwama. Kabla fundi hajafika, funga wavu wa nailoni kwa ndani na uukaze kwa waya kila sentimita 15, chini na juu. Viti vya plastiki, mitungi na ndoo za kufulia visikae balkoni hata kwa dakika moja. Mtoto wa miaka 2 husukuma kiti mwenyewe hadi ukingoni. Madirisha yakiwekwa grili, moja liwe la kufunguka kwa kufuli, ufunguo utundikwe juu jirani yake. Moto ukiwaka mlangoni, hamna njia nyingine.

Pipa: mfuniko wa kuwekewa jiwe hausaidii. Toboa mfuniko na ukingo wa pipa, tia komeo. Mdogo akiinama humo kichwa ndicho kizito, huanguka nacho na hawezi kujinyanyua. Beseni la kufulia nalo ligeuzwe likishamwagwa; sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha.

Mwezi huu kusi kinavuma na milango inapiga. Tundika leso juu ya ubao wa mlango, hautafunga na vidole vitabaki salama.

Ticha_Chekechea
Michezo sasa. Wa miaka 9 na wa 6 wachongee bao kwa trei za mayai. Trei moja ni 6 kwa 5, kwa hiyo zinatakiwa mbili: kata 4 kwa 5 kwenye ya kwanza na 4 kwa 3 kwenye ya pili, unganisha kwa gundi upate mashimo 32. Waanze na bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, jumla 64. Maharagwe yanafaa.

Unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, kijiko 1 cha maji ya ndimu, na maji ya moto kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo. Maji ya moto ayatie mtu mzima. Manjano ya kupikia hutoa rangi nzuri, ila huacha alama kwenye makochi.

Wasipewe vyote siku moja. Asubuhi kazi ya mikono, baada ya chakula watulie, alasiri mchezo wa kurukaruka. Ukivitandaza vyote saa tatu, saa nne washachoka navyo na wanadai runinga.

Nesi_Kisauni
Ticha, maharagwe mbele ya wa miaka 2, hapana. Akiliingiza puani hufura kwa unyevu, na kulitoa ni kazi ya daktari. Kete ziwe vifuniko vya soda, na bao lichezwe mezani yeye akiwa amelala. Huo unga nao una chumvi nyingi mno kwake. Yeye mpe donge la mahamri lisilo na kitu, au vikombe na maji kiasi kidogo akikaa mtu pembeni.

Mafuta ya taa yasiwe kwenye chupa ya soda, hata mara moja. Akiyanywa usimtapishe, maana yakirudi huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali; Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, iko karibu nanyi. Betri ndogo za duara za rimoti na vidoli ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani: ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili. Nazo usimtapishe, nenda mara moja.

Akiungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mfereji ukiwa umekauka, mmwagie kwa kopo kutoka ndooni. Vua bangili kabla hajavimba. Dawa ya meno, yai na siagi acheni. Dada wa kazi aonyeshwe haya kwa vitendo, na pia kufunga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu.

MzeeWaTiara
Kusi hiki ni cha tiara (kishada). Chukua chelewa, njiti za ufagio wa makuti: ya kusimama sentimita 60, ya kulala 50; ya kulala ifungwe sentimita 15 kutoka juu. Chelewa ina upande mnene na mwembamba, ndiyo maana tiara nyingi huegemea: ya kulala funga mbili pamoja, moja imegeuzwa. Mkia wa kitambaa mita 3. Ikizunguka, ongeza mkia. Ikikataa kupanda, punguza. Watengeneze nyumbani, waipeperushe uwanja wa Mama Ngina ufukweni, mbali na ukingo wa mwamba. Juu ya dari ya fleti na karibu na nyaya za stima, marufuku.

MamaTudor
Shukran nyote. Ticha, unga umekuwa kama gundi!

Ticha_Chekechea
Chumvi inavuta unyevu wa Pwani, mama. Kanda tena na unga vijiko 2 au 3, kisha kwenye mkebe wa kifuniko, ndani ya friji. Ukinuka, tupa.