Nilimpa fundi abadilishe wosha ya ngozi tu, ameniharibia bunduki yangu ya upepo ya BSA ya kabla ya vita

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, kwa hiyo mnivumilie nikiruka huku na kule.

Nina bunduki ya upepo, BSA (Birmingham Small Arms) Standard ya inchi .22, ile ya kuvuta mkono ulio chini ya mtutu. Ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtindo uliotokana na hataza (haki ya uvumbuzi) ya fundi bunduki Lincoln Jeffries ya 1904, na imetengenezwa hapa hapa Birmingham ninapoishi, kiwandani Small Heath. Nilinunua kwa mzee mmoja aliyeachiwa na baba yake. Juu ya silinda ilikuwa na alama ya bunduki tatu zilizoegemezana. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na baiskeli ya BSA, alama hiyo mnaijua.

Tatizo lake lilikuwa dogo. Wosha ya ngozi kwenye pistoni ilikauka, upepo ukawa unapita pembeni, sawa na pampu ya baiskeli iliyokosa mafuta. Nikampelekea fundi mwenye duka lake. Nikamwandikia kwenye karatasi: wosha mpya ya ngozi, safisha ndani, USIGUSE rangi. Wiki tano nasubiri. Juzi nimeenda kuichukua.

Kitu cha kwanza nilichoona ni skrubu. Mifereo yake imetafunwa, kingo zimevimba, moja imebaki duara tupu. Bisibisi ya dukani haikai kwenye skrubu za zamani kwa sababu mfereo wake ni mwembamba. Unachonga ncha ya bisibisi mpaka iujaze, ndipo unafungua. Anayejiita fundi wa silaha hajui hilo?

Halafu kaisugua msasa yote na kupaka rangi nyeusi mpya. Zile bunduki tatu sasa ni kivuli, unazipapasa kwa kidole ndiyo unazipata. Miaka 80 na zaidi imepita mikono ya watu bila kuifuta, yeye kaifuta kwa siku moja.

Rangi ningemeza. Koki siwezi. Kwenye hizi bunduki unazungusha koki, unadondosha risasi ndani yake, unairudisha, na upepo unaisukuma risasi kutoka kwenye koki hadi mtutuni. Koki na tundu lake vilisagwa pamoja kiwandani vikaoana. Yeye kaipitisha msasa ili “izunguke laini”. Nimeweka kipande cha tishu juu yake nikafyatua: tishu imeruka mpaka begani kwangu. Upepo wote unatokea pale. Koki ya bunduki nyingine haikai hivi hivi, lazima isagwe upya kwenye tundu la bunduki yangu.

Kisha ananiambia kwa furaha, “nimekuongezea nguvu.” Kaweka springi nene ya bunduki ya kisasa! Nani alimwomba? Kwenye mashine hii kifyatulio kinashika pistoni moja kwa moja, kwa hiyo springi ikiwa ngumu na kifyatulio kinakuwa kigumu. Sasa navuta mpaka mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Inapiga teke, na shingo ya kitako imeanza kuonyesha ufa mwembamba ambao haukuwepo. Na sheria ya hapa Uingereza iko wazi: bunduki ya upepo ikizidi nguvu ya futi-pauni 12 bila cheti maalumu, ni kosa la jinai. Anayekamatwa nayo ni mimi, siyo yeye.

Mafuta kamwaga bila kipimo. Risasi ya kwanza ililia kama baruti, moshi ukatoka mdomoni mwa mtutu. Mafuta yanawaka ndani upepo ukibanwa, na springi inaumia. Ngozi inataka matone machache tu.

Kwa mita 20 nilikuwa naweka risasi tano kwenye duara la kizibo cha soda. Jana zimetawanyika upana wa sahani, na nimetumia risasi zile zile za milimita 5.6, maana za 5.5 zinapwaya kwenye mitutu hii ya zamani.

Nimemwomba springi yangu ya zamani. Kasema ameitupa.

Kesho narudi kwake na picha na ile karatasi niliyomwandikia. Nataka hela yangu yote, na gharama ya kutengenezewa koki juu yake. Mwenye kumjua fundi wa kukereza vyuma hapa Midlands (katikati ya Uingereza) anayeweza kuchonga koki mpya na kuisaga kwa mkono, tafadhali aniambie kabla sijaifungua mwenyewe.