Nimeuziwa "Duke Caribbean" isiyo na bahari, na mwenye duka hapa Mombasa anasema tofauti ni mashati tu

Asalaam aleikum waungwana, na hamjambo nyote.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita nilitoka Likoni asubuhi, nikavuka na feri, nikaenda hadi duka moja la katikati ya mji linalouza michezo ya kompyuta ya zamani, nikalipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa ili nipewe Duke Caribbean: Life's a Beach, ile nyongeza ya mchezo wa risasi wa Duke Nukem 3D inayompeleka shujaa wake, Duke, likizoni katika visiwa vya Karibi. Nilichorudi nacho nyumbani ni kasha lenye picha ya ufuo na mnazi, na ndani yake diski isiyo na ufuo wala mnazi. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa bado nampa mwenyewe nafasi ya kurekebisha kosa lake, lakini yaliyotokea nitayaeleza yote.

Kabla ya kulipa niliomba diski ijaribiwe mbele yangu. Kijana wa kaunta akanijibu, "Kaka, kompyuta zetu hizi hazisomi sidii tena, lakini hiyo ni orijino, nenda kaitie nyumbani utaona mwenyewe." Nikamuuliza mara mbili kama ni nyongeza yenyewe ya Karibi, kwa kuwa mchezo wa msingi ninao tangu zamani, naye akaniapia kuwa ni yenyewe. Jioni nikaazima kisomaji cha nje kwa shemeji yangu, nikaitia diski, nikasubiri. Mchezo ulipofunguka nikajikuta juu ya paa la jengo, usiku, mjini Los Angeles, mkononi nimeshika bastola.

Aliyewahi kuucheza mchezo huu ameshaelewa. Paa lile ndilo mwanzo wa hatua ya kwanza kabisa ya Duke Nukem 3D, mchezo uliotoka tarehe 29 Januari 1996, na ile bastola ndiyo ushahidi wa pili, kwa sababu katika Duke Caribbean bastola imegeuzwa kuwa bunduki ya maji ya watoto. Huhitaji hata kusogea hatua moja ili ujue umeuziwa nini. Tazama tu kilichomo mkononi.

Sikuishia hapo, maana nilitaka kuwa na hakika kabla ya kumtuhumu mtu. Nikaifungua diski na kuyatazama mafaili yake moja moja. Mchezo wa msingi huweka picha, sauti na ramani zake ndani ya faili moja kubwa liitwalo DUKE3D.GRP, na nyongeza hii ina lake liitwalo VACATION.GRP. Kwenye diski yangu lilikuwepo lile la kwanza peke yake, ndani ya folda iliyopewa jina jipya la "Caribbean". Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba diski zilichanganyika kwenye rafu. Kuna mtu aliyekaa kitako, akakibandika kitu alichokuwa nacho jina la kitu asichokuwa nacho, akachapisha karatasi ya kasha kwa rangi, akaiweka dirishani, kisha akangoja mteja.

Jumatatu nikarudi dukani na kasha, diski na ujumbe wa malipo. Safari hii nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mtu mzima wa kuheshimika, nikamwamkia na kumweleza kwa utaratibu. Hakukana. Alichoniambia ni hiki: "Mwanangu, gemu ni ile ile, tafauti hakuna. Wale maadui wamevishwa mashati ya maua, basi. Sasa wataka nikurudishie pesa kwa ajili ya mashati?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu. Pesa zinaniuma, lakini kauli ile inaniuma zaidi, kwa sababu nimeisikia pia kutoka kwa watu wanaodai kuipenda michezo hii, na ni kauli ya uongo.

Nianze kwa kukubali lililo kweli ndani yake, ili nisije nikaambiwa natetea kwa upofu. Duke Caribbean ilitengenezwa na Sunstorm Interactive na kutolewa na WizardWorks mwishoni mwa miaka ya 1990, na haikuwa kazi ya 3D Realms, waliounda mchezo wenyewe. Injini, yaani programu inayouendesha mchezo, ni ile ile ya Build iliyoandikwa na Ken Silverman. Silaha zimebadilishwa sura huku utendaji wake ukibaki karibu vilevile, na maadui wengi ni wale wale waliovishwa nguo za likizo. Hayo yote ni kweli na hayajawahi kufichwa.

Lakini mchezo wa aina hii hauishi ndani ya bunduki wala ndani ya shati. Unaishi ndani ya ramani, na ramani za nyongeza hii zilichorwa upya kuanzia ukuta wa kwanza: kuna soko la kisiwani, kuna meli ya watalii iitwayo The Wavemistress, kuna mapango, na kuna maji karibu kila unakogeukia. Anayefahamu jinsi Build inavyofanya kazi ataelewa kwa nini hayo maji si jambo dogo. Mchoraji huchora ramani kana kwamba anaitazama kutoka juu, akiigawa katika vipande, na kila kipande hupewa kimo cha sakafu na kimo cha dari. Injini hii haina bahari yenye kina kama tunavyoijua sisi. Uso wa maji ni kipande kimoja, na kilicho chini ya maji ni kipande kingine kabisa chenye umbo lile lile, kilichochorwa pembeni mahali pengine kwenye ramani, na mchezaji anapopiga mbizi huhamishwa ghafla kutoka kipande cha kwanza hadi cha pili bila yeye kuhisi. Ukipindisha ukingo wa ufuo huku juu, lazima uupindishe vivyo hivyo kule chini, la sivyo mzamiaji atajikuta ndani ya ukuta. Sasa fikirieni mtu aliyepewa kazi ya kujenga visiwa, wangwa na bandari kwa njia hiyo, kipande kwa kipande, kisha aje muuzaji wa hapa kwetu kuniambia kwamba kazi hiyo ni mashati.

Nami nina sababu yangu ya kuipenda nyongeza hii kuliko nyingine zote. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika saiba moja ya Majengo ambako tulilipa shilingi moja kwa dakika. Karibu michezo yote ya risasi tuliyoijua ilikuwa ya mahandaki ya chuma, korido za kijivu na miji ya watu ya usiku. Siku hiyo kijana mmoja mkubwa akaufungua mchezo huu, na kwenye kioo kukatokea jua, mchanga, maji ya buluu na minazi. Nakumbuka mwenzangu alikiwekea kioo kidole na kusema, "Hapa ni Shelly," yaani ule ufuo wetu wa Likoni. Hapakuwa Shelly, bila shaka, na watu waliouchora ule ufuo hawakuwa wakitufikiria sisi. Hata hivyo, mtoto aliyezoea kuziona meli za watalii zikiingia Kilindini, na kutumwa dafu la mgonjwa nyumbani, aliona kwa mara ya kwanza mahali panapofanana na kwao ndani ya kompyuta. Tena minazi ile ya Karibi ina undugu na yetu: ilifika upande ule wa dunia katika karne ya 16 kwa meli za Wareno, na asili ya mbegu yake ni Bahari ya Hindi.

Huenda mtu akaniuliza kwa nini nisinunue toleo rasmi mtandaoni nikaachana na diski za dirishani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo linaloonyesha kwa nini udanganyifu huu ni mbaya zaidi kuliko unavyoonekana. Mwaka 2013 lilitoka toleo la Megaton lililokuwa na nyongeza tatu za zamani, yaani Duke It Out in D.C., Nuclear Winter na hii ya Karibi, lakini baada ya miaka michache liliondolewa sokoni kabla mimi sijapata uwezo wa kulinunua. Oktoba 2016 likatoka toleo la maadhimisho ya miaka 20. Hilo lilileta sehemu mpya ya tano yenye hatua nane, na walirudishwa wachora ramani wa mwanzo, Allen Blum na Levelord, na Jon St. John, mwenye sauti ya Duke. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Nyongeza zile tatu, hata hivyo, ziliachwa nje. Kwa hiyo aliyenunua toleo la maadhimisho akidhani amepata kila kitu, Karibi hakuipata. Wenye nyongeza hizo ni waliotunza diski za zamani na waliowahi kununua Megaton, na muuzaji anayejua hivyo anajua pia kwamba mteja wake ana kiu na hana kisima cha karibu. Kumwuzia mtu wa namna hiyo chupa tupu ni dhuluma.

Nimesoma pia sheria, kwa kuwa sitaki kubishana kwa kelele. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na taarifa zinazohitajika ili afaidike na bidhaa hizo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina sifa ambazo haina. Haijalishi kwamba bidhaa ni ya zamani, wala kwamba ni mchezo, wala kwamba mwenye duka binafsi haoni tofauti. Mimi sikuingia dukani kuomba maoni yake juu ya mashati. Niliomba kitu kwa jina, nikaulizia mara mbili, nikaapiwa, nikalipa.

Ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, shilingi zangu 2,500 zirudi kwa njia ile ile zilikopita, nami nitairudisha diski na kasha lake kama nilivyovipokea. Pili, makasha mengine ya aina hiyo yaliyopo dirishani yaondolewe. Jumatatu niliyahesabu mwenyewe, yalikuwa manne, na sitaki kijana mwingine avuke feri na pesa alizodunduliza aende kununua paa la Los Angeles.

Kama kuna mwenzetu humu aliyenunua kasha lenye picha ya ufuo na mnazi mmoja ulioinama upande wa kushoto, naomba afungue diski yake atazame kama faili la VACATION.GRP limo, kisha atujibu hapa chini. Jumamosi hii nitarudi dukani saa nne asubuhi nikiwa na kisomaji cha shemeji mkononi, na nitaomba makasha yote manne yafunguliwe pale pale kaunta, mbele ya mwenyewe.