Walioacha ugali na ndizi wakahamia saladi ya tuna, tupeane uzoefu

Chalii wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Leo napanga kabati nimekuta kopo la tuna lililobaki tangu ile miezi mitatu niliyojifanya nimeachana na wanga. Nimecheka peke yangu. Siku ya kwanza nilimimina tuna na maji yake yote kwenye bakuli, nikakatia tango zima, mayonezi vijiko vinne. Kilichotoka hapo ni mtori wa samaki. Nikaula kwa imani. Saa nne usiku nilikuwa nimesimama kwa muuza chipsi pale kituoni, na nimeongeza yai.

Mlioweza mliifanyaje ikawa na ladha? Na mlioshindwa semeni mliangukia wapi.

Ndizi Mshare
Umeandika maisha yangu. Mimi niliangukia kwenye chapati.

Mama Kiboriloni
Mwanangu kosa lako ni maji. Fungua kopo, acha kifuniko juu, kandamiza kwa dole gumba huku umelipindua kwenye sinki, hesabu mpaka ishirini. Kopo la gramu 170 ukilichuja sawasawa unabaki na kama 120, hizo ndizo za kula. Tango lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, huko ndiko maji yanakokaa. Kitunguu kifikiche na chumvi, kisuuze, kikamue kwa mkono kama unavyofanya kachumbari. Halafu mayai mawili ya kuchemsha, hoho nusu, giligilani ya kutosha, ndimu, pilipili manga. Chumvi ionje kwanza, kopo lina yake. Parachichi weka mwisho kabisa na usilipondeponde.

Mimi nilikuwa nakula na jani la kabichi. Nalitia kwenye maji ya moto kidogo lilainike, nafunga kama sambusa. Mkono ukishika kitu, akili haiulizi chapati iko wapi.

Arifu wa Njiro
Parachichi na mayonezi pamoja? Hapana mama. Chagua moja.

Mama Kiboriloni
Nimesema mayonezi wapi? Soma tena.

Arifu wa Njiro
Samahani mama, nimesoma ya juu nikachanganya. Ila parachichi lenyewe lina wanga, tusidanganyane.

Mtoto wa Tengeru
@Arifu wa Njiro wanga wa parachichi sehemu kubwa ni nyuzinyuzi, haupandishi sukari kama ndizi. Kinachowaangusha watu ni ile salad cream. Geuza chupa usome mgongoni, sukari imeandikwa. Na mayonezi za bei rahisi nyingine zimetiwa wanga ili ziwe nzito. Tengeneza yako: kiini cha yai, ndimu, mafuta ya alizeti tone kwa tone huku unapiga. Ukimimina kwa haraka inakatika.

Arifu wa Njiro
Kiini kibichi kwa mayai haya yetu? Endelea tu wewe.

Ndizi Mshare
Mama yangu aliniuliza "tuna nini jikoni?" Nikamjibu "tuna tuna." Nilikula kofi, na sina miaka kumi, nina thelathini na mbili.

Kibosho Juu
Wakuu mmenikumbusha kitu ambacho nilikuwa nimekizika. Kaeni vizuri.

Nilikuwa najipunguza kwa ajili ya suti ya harusi. Wiki ya sita bila ugali, bila ndizi, hata mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa nanusa tu. Desemba tukaitwa Machame kwa wakwe, siku ya kuonana na wazee. Mchumba akanionya kwamba kutakuwa na machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, na nisilete mambo yangu. Nikaona nitaleta chakula changu lakini kiwe cha heshima, na wao waonje. Tuna wa kopo nikaona ni aibu kumpelekea mkwe. Nina rafiki ni kondakta wa basi la Tanga, nikamwambia aniletee jodari mbichi. (Ndiyo, tuna ndiye jodari. Sijui kwa nini akiingia kwenye kopo anabadilisha jina.)

Samaki ametoka Tanga asubuhi, amefungwa gazeti ndani ya kiroba, hana barafu, yuko kwenye buti. Basi likaharibika Same. Mnaijua Same mwezi wa kumi na mbili. Nimempokea stendi Moshi saa kumi na mbili jioni, nikamnusa, hana harufu mbaya hata kidogo. Nikampeleka nyumbani, kafikia mezani kwanza maana nilikuwa naongea na simu. Nikamchemsha usiku ule ule, nikamchambua. Asubuhi nikachanganya na parachichi na ndimu, saladi nzuri, ya kupiga picha.

Nikaonja jikoni. Ulimi ukachonyota kama nimelamba pilipili, na pilipili sijaweka. Nikasema ni ndimu hiyo.

Kule Machame watu wamekaa kwa mstari, sinia la machalari katikati, mimi na bakuli langu. Shangazi mmoja akaliangalia, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu anaogopa chakula chetu?" Baba mkwe ili kuniokoa akasema nipe nionje. Akala vijiko viwili. Akasifia. Mimi nikamaliza bakuli.

Haikufika nusu saa. Uso umewaka moto kuanzia masikio, mimi ni mweupe kwa hiyo nimekuwa nyanya. Moyo unapiga kama nimepanda Mandara kule mlima Kilimanjaro kwa mbio. Kichwa. Tumbo. Nanyanyuka niombe choo kilipo, namwona mzee naye anafungua vifungo vya shati, shingo nyekundu. Shangazi akapiga ukunga. "Mmempa nini mzee?" Yaani mimi ndiye mgeni, mimi ndiye niliyekuja na chakula changu.

Tumeshushwa hospitali nyuma ya pikapu, mimi na baba mkwe tumelala kichwa kwa miguu, dumu la mbege linabingirika katikati yetu. Njia nzima hakunisemesha.

Ndizi Mshare
Weeee!!! Endelea.

Binti wa Himo
Ndoa ilikuwepo?

Arifu wa Njiro
Huo ni mzio wa samaki, wala si kitu cha ajabu.

Kibosho Juu
Daktari aliuliza swali moja tu: "Samaki gani, na alikaa wapi?" Nikamweleza safari ya kiroba. Akasema jodari akikaa kwenye joto, vijidudu vinatengeneza histamini kwenye nyama yake, na ikishakuwepo hata umchemshe mpaka kesho haitoki. Anaweza asinuke kabisa. Tulichomwa sindano ya dawa ya mzio, jioni tumeshapoa wote wawili.

Arifu wa Njiro
Si nimesema mzio?

Mtoto wa Tengeru
Kaka, mzio ungemshika yeye peke yake. Wamekula wawili, wameungua wawili. Ni sumu ya samaki, dawa ndiyo inafanana.

Arifu wa Njiro
Sawa daktari.

Mtoto wa Tengeru
Nipo maabara, sio daktari. Na ulimi kuchonyota ndiyo ilikuwa taarifa, angeitema hapo hapo.

Binti wa Himo
Nimeuliza NDOA.

Meku Mstaafu
Vijana, shikamooni yenu nimeipokea kabla hamjaitoa. Mimi nina sukari, natumia vidonge. Nilisoma habari hizi za kuacha wanga, nikaacha siku moja, ugali, ndizi, vyote, nikabaki na tuna na mayai, vidonge nikaendelea navyo vile vile. Siku ya tatu natokwa jasho la baridi kwenye gulio, mikono inatetemeka, kipimo kikasoma 2.9, yaani sukari imeshuka mno. Muuza miwa ndiye aliyeniokoa. Mwenye vidonge au sindano za sukari aende kwanza kliniki wampunguzie dozi, ndipo ale saladi.

Ndizi Mshare
Shikamoo mzee, pole sana. Kibosho uko wapi, watu tunasubiri.

Mama Kiboriloni
Meku kasema jambo na mnampita kama kituo cha daladala.

Dada wa Usa River
Nimechelewa. Bei ya kopo moja mimi napata dagaa wa siku nne. Siku hizi natumia perege wa Nyumba ya Mungu, namkaanga, namchambua, nachanganya na parachichi na siki. Ladha inaizidi tuna. Miiba tu uwe na subira. Na tufaha kidogo liwe linakatika mdomoni.

Mtoto wa Tengeru
Tufaha ni sukari dada.

Dada wa Usa River
Nusu tufaha!

Kibosho Juu
Nilikuwa nalisha ng'ombe. Tulioana mwezi wa sita, suti ilinikaa. Ila nikifika Machame mzee mwenyewe ananipakulia machalari, anaketi mbele yangu, na hagusi sahani yake mpaka amalize kuniangalia nikila.

Binti wa Himo
Asante. Sasa nalala.

Chalii wa Sakina
Wakuu, hili kopo langu nimegeuza, tarehe imepita miezi miwili. Naweza kulila?

Mama Kiboriloni
Limevimba?

Chalii wa Sakina
Hapana, limetulia tu.

Ndizi Mshare
Mpelekee shangazi wa Machame.