gdb inaniambia haijui Kayole

kijana_umoja:
Wakuu, nisaidieni kabla mjomba hajarudi kuuliza. Ana matatu tatu, na kila jioni makanga humtumia orodha ya safari kwa simu. Nimemwandikia programu ya C ya kujumlisha. Kila mstari ni jina la kituo na nauli, mfano "Kayole 60". Faili ni safari.txt, mistari 412. Nikiendesha ./nauli < safari.txt inakufa njiani na kulia "stack smashing detected". Yaani imeandika nje ya nafasi yake kwenye kumbukumbu. Basi nikasema niichunguze ndani ya gdb, ile programu ya kusaka makosa ya programu nyingine:

gdb ./nauli < safari.txt

Ikanitapikia hivi:

Undefined command: "Kayole".  Try "help".
Undefined command: "Umoja".  Try "help".

Hivyo hivyo mpaka mwisho wa faili, kisha ikajifunga yenyewe. Kuandika mistari 412 kwa mkono siwezi, na stima ya huku kwetu mnaijua.

fundi_ngara:
Faili umempa asiye mwenyewe. Alama ya < husomwa na bash, yaani ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali, na uliyemwita kupitia bash ni gdb, si nauli. Kwa hiyo gdb imeichukua mistari yako ikidhani ni amri zake. Ingia gdb kwanza, uelekeze ukiwa ndani:

gdb ./nauli
run < safari.txt > matokeo.txt

Ukirudia run tupu, itakumbuka. Na usihangaike na --args (chaguo la kuipa programu hoja zake kupitia gdb), utanaswa palepale, maana < bado itasomwa na bash.

kijana_umoja:
Imekubali, mkuu! Imesimama kwenye SIGABRT, ile ishara ya programu kujiua. Lakini matokeo.txt haina hata herufi moja, na kila safari ina printf yake ya kuandika mstari. Kwenye skrini zilikuwa zinatoka vizuri tu.

mama_pointa:
Hazijapotea, mdogo wangu. printf ikiwa inaandika kwenye skrini, humwaga kila mstari unapoisha. Ikiwa ni faili, hukusanya kwanza, kwa kawaida baiti 4096, kama matatu inayongoja kujaa ndipo itoke stejini. Yako imekufa kabla ya kujaa. Ungali ndani ya gdb, ilazimishe imwage ilichokusanya, andika:

call (int) fflush(0)

halafu fungua faili.

Mimi matokeo siyapeleki kwenye faili kabisa. Nafungua terminali ya pili, naandika tty inipe jina lake, tuseme /dev/pts/2, kisha ndani ya gdb, kabla ya run, naandika tty /dev/pts/2. Matokeo kule, amri huku. Kama programu inasoma kibodi, acha sleep 9999 ikiendelea kwenye ile terminali ya pili, la sivyo bash ya kule itakunyang'anya unachoandika.

kijana_umoja:
Dada, fflush imeleta mistari 188, wa mwisho ni wa Dandora. Nikatazama wa 189 kwenye safari.txt: "Kariobangi 70". Nikaandika bt inionyeshe functions zilizoitana, nikapanda kwa up hadi soma_safari, function yangu ya kusoma mstari, nikaandika print kituo:

$1 = "Karioban"

Nilikuwa nimeandika char kituo[8], nafasi ya herufi nane tu. Hiyo "gi" imekosa kiti ikaning'inia mlangoni! Gari la tatu limeanza njia hiyo wiki iliyopita tu, ndiyo maana mwezi jana programu haikulalamika. Nimeweka 32, na scanf inayosoma jina sasa ni %31s, isizidi herufi 31. Imefika mstari wa 412 bila kelele. Mjomba naye anauliza mbona jumla ni ndogo kuliko alivyotarajia, lakini hiyo ni kesi yake na makanga.