UKOO WA SHAMBANI 🌴

06:12 Zuhura: Asalaam aleikum. Ghala limelala chini usiku. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Majirani wameshaanza kubeba fito za kuni. Nataka watu wanne Jumamosi.

06:31 Zuhura: Alama za buluu naziona. Mwasoma kimyakimya.

07:40 Kassim: Innalillahi. Na yule kuku wa Bibi aliyekuwa akitagia uchagani? 😂

07:41 Zuhura: Kassim usinianze.

07:55 Zuhura: Nimehesabu mwenyewe, matope magotini. Nguzo 6 nzima, boriti 11, pau sikumaliza. Mkoko mtupu. Tangu lile katazo la 2018 la kukata mikoko mwajua boriti zinavyotafutwa hapa Lamu.

09:20 Mwana Muscat: Ndiyo maana lilikuwa jembamba vile, boriti haivuki mita tatu na kitu. Nyumba za kale za huku vyumba vyake ni hivyohivyo, boriti zilitoka kwetu kwa majahazi.

09:22 Kassim: Da Mwana tuma riali, historia tumeisikia

09:30 Rukia: Niulize tu. Mlango wa ghala ulikwenda wapi? Ule wa komeo la mti.

09:33 Fumo: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

09:34 Zuhura: Si leo, Rukia.

09:34 Rukia: Hata matangani mliniambia si leo.

13:05 Babu Shee: 🎤 2:47

13:20 Rukia: Kwa msio na bando, Babu asema: "Marehemu alikuwa akiwasha makumbi chini ya uchaga kukausha mbata. Moshi ukipanda ukiingia kwenye makuti, mchwa na dudu hawakai. Alipokufa mkaleta gesi, mkapika uani. Miaka 12 makuti yale hayakunusa moshi. Msiisingizie mvua."

14:02 Zuhura: Ami, shikamoo. Tumekusikia.

15:10 Fumo: Nina mabati 20 yalibaki nilipojenga. Bure.

15:11 Babu Shee: Bati hapana

17:45 Zuhura: Haya. Jumamosi tutoe boriti kwanza, tuzifunike. Paa tutazungumza. Niliye na hakika naye ni mimi tu. Rukia?

17:50 Rukia: Nitakuja nikijua habari ya mlango.

18:30 Kassim: Shangazi, pikipiki ina shida ya betri, ntaangalia

21:48 Zuhura: Mwana ametuma 5,000, Mungu ambariki. Fumo, turubai?

21:57 Fumo: Liko stoo. Ufunguo nadhani anao Kassim.

21:59 Kassim: Sina